Kwa Vayolini Mtu Anakula Kweli? Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika kakipande kafupi kuhusu chemba okestra, ile okestra ndogo ya watu kama 15 mpaka 40 hivi, sio ile ya simfoni ya watu 80 au 100, nikasema humo ndani vayolini ndo nyingi kuliko chombo kingine chochote, afu mwishoni nikatupia kwamba wapigaji wengi wa hizo okestra hawana mshahara wa mwezi. Basi, simu yangu haijapumzika tangu hapo. Nimechagua barua chache, nyie mlioniuliza bei za kinanda mtanisamehe, leo ni vayolini tu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Binti yangu yuko kidato cha nne, anapiga vayolini kanisani tangu yuko darasa la tatu, sasa anasema akimaliza hataki kusikia habari za uhasibu anataka okestra. Baba yake kanuna wiki nzima. Na wewe ndo unatuambia hawana mshahara! Sasa hao wa Ulaya wanakula nini? Niambie ukweli usinifiche.
Mama Mzazi, Sakina, Arusha

JIBU: Habari ni njema mama, na mwambie baba asinune kwanza, asome hapa.

Kuna okestra za kuajiriwa na kuna za kuitwa. Ujerumani zipo zaidi ya 100 zinazolipiwa na miji na serikali za majimbo, ukiingia humo wewe ni mwajiriwa kabisa, likizo ipo, matibabu yapo, pensheni ipo. Ila hizo nyingi ni za simfoni na za opera. Chemba okestra nyingi, hasa za Uingereza, zinaita watu kwa kazi, yaani mazoezi ya muda wa saa 3 yana bei yake, shoo ina bei yake, mkisafiri kuna posho, shoo ikiisha mmemalizana mpaka uitwe tena. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtu jina la okestra yake liko kwenye CD zinazouzwa mpaka Japani, lakini mtu huyohuyo Jumatatu anafundisha watoto shuleni, Jumatano yuko studio anarekodi muziki wa tangazo la sabuni, Alhamisi na Ijumaa mazoezi na okestra, Jumamosi mchana harusi, usiku shoo, Jumapili anatamani kulala ila anajifungia na nota za wiki ijayo maana ni nyingine kabisa. Ndo maisha yao hayo, sio umaskini na sio utajiri, ni vipande vipande, na nionavyo mimi wanaoanguka sio wasiojua kupiga, ni wasiojua kutunza kalenda na kuweka akiba ya ile miezi ambayo simu haiiti.

Hata yenye majina makubwa imeanzia hukohuko. Academy of St Martin in the Fields ya London ilianza 1958, wapigaji wachache wenye kazi zao kwenye okestra nyingine wanakutana sebuleni kwa Neville Marriner kupiga muziki waliokuwa wanaupenda bila mtu wa kuwasimamia kichwani, shoo ya kwanza wakafanya 1959 kwenye hilo kanisa lenye jina lao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anategemea kulipia kodi ya nyumba kwa ile kitu.

Halafu mama kuna gharama ambayo watu hawaioni, chombo chenyewe. Mpigaji wa kazi huko mara nyingi anashika vayolini ya bei ya gari, na upinde nao unakaribia bei ya pikipiki, wengi wanalipa mkopo wake miaka na miaka. Zile za kale za Stradivari, fundi wa zamani wa Italia, usiulize kabisa, moja inaitwa Lady Blunt iliuzwa 2011 kwa dola milioni 15.9, na wengi unaowaona wanapiga za aina hiyo wameazimwa na taasisi au matajiri. Ndo maana ukiona mpiga vayolini anaingia nayo mpaka chooni usimcheke. Mwaka 1936 Bronisław Huberman aliiacha Stradivari yake chumba cha nyuma pale Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, akaenda jukwaani na vayolini nyingine, kurudi haipo, na haikujulikana ilipo mpaka 1985, mwizi ambaye naye alikuwa mpiga vayolini alipomwambia mkewe akiwa karibu na kufa. Alikuwa anaipigia kazi miaka yote hiyo! Leo iko mikononi mwa Joshua Bell, ambaye tangu 2011 ndo kiongozi wa hiyohiyo Academy niliyoitaja.

Sasa binti. Mimi simwambii aache uhasibu wala simwambii auchukue, maana bado hajapimwa na mtu asiyemjua. Mwambie afanye mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ile ya gredi 1 mpaka 8, tangu 2020 kuna aina ya mtihani unapiga nyimbo nne mfululizo, unajirekodi video bila kukatakata, unatuma, huko wanasahihisha, hakuna anayekujua kwamba wewe ni mtoto wa mzee wa kanisa. Akifika gredi za juu kwa alama nzuri ndo mkae mezani mzungumze. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hapo Usa River kina shahada ya muziki, anaenda kwa Hiace na kurudi nyumbani kula. Na hela za hapa zinatoka palepale zinapotoka za wenzake, kufundisha watoto, harusi na send-off, hoteli za watalii, kwaya zinazorekodi. Yaani wiki ya mpiga vayolini wa Arusha haiko mbali na ya yule wa London, tofauti ni kwamba wa London katikati ya harusi na harusi ana muziki wa Haydn, yule mtunzi wa zamani.

Na uhasibu sio adui mama. Kila okestra ina mtu anahesabu hela, na wakati mwingine huwa ni mpigaji.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kanisani kwetu tuna kikundi, vayolini saba na selo moja. Mwezi huu mwalimu wetu kanitoa vayolini ya kwanza kaniweka ya pili, na pale kwangu kamuweka dogo mmoja wa juzi tu. Nimeshushwa mbele za watu. Nataka kuacha.
Kijana wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache, na sikubembelezi.

Wewe umekulia kwenye kwaya, unajua kabisa sauti ya pili na ya tatu zikikohoa wimbo wote unabaki uchi hata kama wa sauti ya kwanza wanaimba kama malaika. Vayolini ya pili ndo hiyo. Inakaa chini kwenye nyuzi za G na D ambako sauti haitoki kirahisi, inabeba mapigo, mistari miwili inatembea na vayolini ya kwanza okteva moja chini, mistari inayofuata imeshahamia kwa viola, ile kubwa kidogo kuliko vayolini, na wewe uliyekaa pale inabidi masikio yako yaende pande zote mbili bila kupoteza hesabu. Wa kwanza ana melodi ya kumshika mkono. Wewe huna.

Yule Neville Marriner niliyemtaja kwa Mama wa Sakina, kazi yake ya kila siku wakati anaanzisha Academy ilikuwa nini? Mkuu wa vayolini za pili kwenye London Symphony Orchestra. Na kule New York kuna Orpheus, chemba okestra iliyoanzishwa 1972, wenyewe wanabadilishana, kipande hiki fulani anaongoza vayolini ya kwanza, kipande kinachofuata yuko nyuma ya pili, hakuna aliyekufa. Mtunzi Bach naye ana konseto, yaani kipande cha wapigaji wa mbele na okestra nyuma yao, ya vayolini mbili kwenye D ndogo (D minor), sauti mbili zimelingana kabisa zinafukuzana, na kwenye vitabu vya Suzuki vya kufundishia vayolini mwanafunzi anajifunza kwanza ile ya pili kitabu cha 4, ya kwanza inakuja kitabu cha 5.

Ila nisiwe mnafiki. Vipo vikundi vinajaza ya pili watu wasioweza, kama kichaka cha kuwafichia, na hapo kweli umeshushwa na muziki wenyewe umeshushwa. Sasa hujui kwako ni ipi kati ya hizo. Muulize mwalimu wako, baada ya mazoezi, kwa adabu, ana kwa ana, sio kwenye group la WhatsApp la kwaya. Inawezekana kabisa kakuweka pale kwa sababu wewe ndo pekee unayejua kuhesabu.

SWALI: Niliangalia video ya okestra ndogo, wapigaji wamesimama, hakuna mtu wa mbele mwenye fimbo. Wanajuaje kuanza pamoja? Au kuna kifaa masikioni?
Baba wa Njiro, Arusha

JIBU: Hamna kifaa mzee wangu. Wanapumua.

Sikutanii. Kiongozi, yule wa vayolini ya kwanza anayekaa au kusimama mbele kabisa, anavuta pumzi na upinde unapanda kidogo kwa kasi ileile ya wimbo unaokuja, wengine wote wanaipata spidi pale hata kabla sauti haijatoka. Ukirudia video angalia mabega yake sio mikono. Kusimama nako kuna maana, mwili mzima unaonekana. Australian Chamber Orchestra, ambayo Richard Tognetti anaiongoza na vayolini mkononi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanajulikana sana kwa kusimama, waliokaa ni wa selo tu, lile chombo kubwa la kushika katikati ya magoti. Kingine ni kwamba pinde zinapanda na kushuka pamoja, na hilo halitokei kwa bahati, viongozi wa kila safu wamekaa na penseli wakachora alama kwenye nota, hapa juu hapa chini, na mazoezini watu wanabishana nusu saa kwa ajili ya alama moja. Orpheus ambao hawana mwongozaji kabisa wana utaratibu, kwa kila kipande kikundi kidogo kinakutana kwanza kinakubaliana mwelekeo, ndo wanaitwa wote. Demokrasia ya namna hiyo inakula muda balaa, nadhani ndo maana okestra nyingi bado zinapenda mtu mmoja wa kulaumiwa.

SWALI: Mwalimu hizo nafasi zinapatikanaje? Kuna usaili kama wa utumishi au ni kujuana?
Mhitimu, Kiborloni, Moshi

JIBU: Vyote viwili, inategemea mlango.

Okestra za kuajiriwa zina usaili mkali. Unapiga nyuma ya pazia, majaji hawakuoni. Okestra ya Boston, Marekani, walianza kujaribu hilo mwaka 1952, na kuanzia miaka ya 1970 likasambaa Marekani, na mpaka viatu watu wanaambiwa wavue au wanatandikiwa zulia ili mlio wa kisigino usiseme huyu ni mwanamke. Ujue okestra ya Berlin Philharmonic haikuwa na mpigaji wa kudumu mwanamke mpaka 1982, na aliyefungua huo mlango ni mpiga vayolini, Madeleine Carruzzo. Vienna Philharmonic walisubiri mpaka 1997. Unachopiga kinajulikana, konseto moja ya Mozart, moja kubwa ya enzi za Romantiki, karne ya 19 hivi, afu vipande vigumu vya okestra, na ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss umewaliza watu wengi kuliko mtihani wa hesabu. Ukishinda bado kuna kipindi cha majaribio, Ujerumani mara nyingi mwaka mzima, mwisho wenzako uliokaa nao wanapiga kura kama ubaki au uondoke.

Chemba okestra za kuitwa ni hadithi nyingine. Pale kuna mtu kazi yake ni kupiga simu. Mpigaji mmoja kaumwa, huyo mtu anamuuliza kiongozi wa safu nani anaweza kuja kesho saa 4, jina lako linatajwa, unaenda, wanakuangalia. Wanaangalia nini? Kama umefika kabla ya muda. Kama umekuja na penseli (wengi wanakosea hapa). Kama sauti yako inaingia ndani ya za wenzako au inachungulia juu, maana mwenye sauti kubwa nzuri ya solo anaweza asiitwe tena kwa sababu hiyohiyo. Kama mkiwa wawili kwenye stendi moja ya nota wewe wa ndani unageuza ukurasa kwa wakati bila kunyamazisha safu. Na kama kwenye chai hukusema vibaya watu. Kwa hiyo kujuana kupo, ila ni kujuana kwa kufanya kazi pamoja, sio kwa mjomba, mjomba hawezi kukupigia Haydn.

Ukitaka kuonja hayo bila viza, Nairobi Orchestra ipo miaka mingi na wengi wao ni watu wenye kazi zao wanaopiga kwa mapenzi, basi la asubuhi kutoka Moshi, Namanga, jioni uko mazoezini. Sikuahidi watakupokea. Penseli usisahau.

SWALI: Shikamoo. Niko chuo, napiga vayolini. Rafiki zangu wananiambia nimeng'ang'ania vitu vya Wazungu. Hivi kuna Mwafrika aliwahi kufika popote kwenye hii kitu?
Dada wa Tengeru

JIBU: Marahaba mwanangu, hili ndo swali nililolisubiri.

Anza na Joseph Bologne, wanamwita Chevalier de Saint-Georges. Kazaliwa 1745 kisiwa cha Guadeloupe, mama yake Nanon alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika, baba mwenye shamba Mfaransa. Akakulia Ufaransa, akawa bingwa wa mchezo wa kupigana kwa upanga na bingwa wa vayolini, 1773 akapewa kuongoza okestra ya Concert des Amateurs ya Paris, na zile simfoni sita za Haydn za Paris ziliagizwa na okestra aliyokuja kuiongoza baadaye. Alipopendekezwa kushika opera ya Paris, waimbaji kadhaa wanawake wakamwandikia malkia kwamba hawawezi kuamrishwa na chotara, ikafia hapo. Konseto zake za vayolini zipo, zina mistari inapanda mpaka mwisho wa ubao, na kwa muda mrefu sana hazikupigwa. Zitafute.

Mwingine George Bridgetower, baba yake alikuwa mtu mweusi. Mwaka 1803 Vienna alipiga na Beethoven mwenyewe sonata mpya ambayo wino ulikuwa karibu haujakauka, sehemu nyingine alisoma kwenye karatasi ya Beethoven. Sonata ile Beethoven alikuwa kaiandika kwa heshima ya Bridgetower. Afu wakagombana, Beethoven akafuta jina akaandika la Rodolphe Kreutzer, na Kreutzer hakuipiga hata siku moja mbele za watu. Leo dunia nzima inaiita kwa jina la mtu aliyeikataa, inauma.

Kwa sasa, London kuna Chineke!, imeanzishwa 2015 na Chi-chi Nwanoku, mpigaji wa besi kubwa ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake wa Ireland, wengi wa wapigaji wake ni weusi na watu wa jamii nyingine za wachache. Yeye alikuwa kapiga okestra za juu miaka 30 akiangalia kushoto na kulia yuko peke yake. Kinshasa kuna okestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, tangu 1994, kaianzisha Armand Diangienda aliyekuwa rubani, mwanzoni vayolini zilikuwa chache watu wanapokezana, uzi ukikatika wanaweka waya wa breki ya baiskeli. Nairobi hapo Korogocho kuna Ghetto Classics tangu 2008, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge.

Na hao rafiki zako waulize, taarab ya Unguja inapigwa na nini? Ikhwani Safaa ni klabu ya mwaka 1905, ukiangalia vikundi vya taarab asilia pale jukwaani unaona safu nzima ya fidla, wamekaa, pinde zinaenda pamoja, kuna vyombo vingine vya nyuzi, kanuni na udi, na mwimbaji hana haraka. Bibi zetu wamevaa vizuri wakaenda kutunza hela mbele ya hizo fidla kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. Sasa cha Mzungu kiko wapi hapo? Mimi ningefurahi zaidi siku moja chemba okestra ya Arusha ikifungua shoo kwa taarab kuliko kwa Mozart, hilo ni langu binafsi, walimu wenzangu wengine hawataki hata kulisikia.

SWALI: Napiga hotelini jioni tano kwa wiki. Shingo inauma, vidole viwili vya kushoto vinakufa ganzi, na sikio la kushoto linalia usiku. Ni kawaida?
Mpigaji, Arusha mjini

JIBU: Alama ya shingoni ni kawaida, ganzi na kulia kwa sikio sio kawaida, nenda hospitali wiki hii dada, usisubiri mwezi wa tano msimu ukiwa chini.

Sikio la kushoto ndo linaloumia kwa wapiga vayolini kwa sababu chombo kiko sentimita chache kutoka hapo, Ulaya tangu 2008 sheria ya kelele kazini ya desibeli 85 inahusu hata wanamuziki, na kuna wapigaji wanaweka kizibo sikio hilo moja. Wewe juu yake una spika ya bendi. Iko upande gani? Kama ni kushoto hama. Vidole na shingo mara nyingi vinatokana na kubana chombo kwa kidevu kama mtu anashika simu, pedi ya bega ikiwa fupi ndo unabana zaidi. Pumzika kila nusu saa, mwambie meneja hivyo hivyo. Iona Brown, aliyempokea Marriner kuongoza ile Academy, ugonjwa wa viungo ulimfanya aiweke chini vayolini 1998 akabaki kuongoza kwa mikono. Huyo hakuwa na la kufanya. Wewe bado unalo.

SWALI: Nina miaka 41, nauza vipuri. Nimechelewa?
Mzee Kijana, Unga Limited

JIBU: Kwa okestra ya kulipwa, ndiyo, wale wengi walianza na miaka mitano sita. Kwa kupiga nyimbo zako vizuri na kukaa vayolini ya pili kanisani, hapana kabisa. Shinichi Suzuki ambaye vitabu vyake vinafundisha watoto wa miaka mitatu, mwenyewe alianza na miaka 17 na nyumbani kwao kulikuwa na kiwanda cha vayolini. Tafuta mwalimu, usianze na YouTube, mkono wa upinde ukikaa vibaya mwaka wa kwanza kuutoa ni kazi.

SWALI: Mwalimu niliacha vayolini kwenye buti ya gari pale Moshi stendi, mchana, nimerudi imefunguka mshono pembeni, kama mdomo. Fundi wa samani anasema anaweka supaglu dakika mbili imeisha. Nimruhusu?
Mwanakwaya, Soweto, Moshi

JIBU: USIMRUHUSU. Na mchukue vayolini yako hapo kwake leoleo.

Haijavunjika, imefanya kile ilichotengenezwa kufanya. Vayolini inaunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, inayolainika kwa joto, na mafundi wameishikilia gundi hiyo karne kwa karne makusudi, ili mbao zikivutana kwa joto au ukavu mshono uachie kabla ubao haujapasuka. Mshono unarudishwa. Ubao wa mbele ule mlaini wa jamii ya misonobari ukipasuka ni habari nyingine na bei nyingine. Supaglu au ile gundi nyeupe ya mbao haiachii tena, siku nyingine ikivutana kitakachoachia ni ubao, na fundi wa kweli akija kuifungua atalazimika kuchana mbao. Moshi ya Januari mpaka Machi buti ya gari ni oveni, chombo kinataka unyevu wa asilimia 40 mpaka 60 na kivuli, kikae chumba unachokaa wewe.

Ulizia walimu wa shule za kimataifa hapo Moshi na Arusha wanatengenezea wapi za kwao, kuna mafundi wanaopita na wengine wanapeleka Nairobi. Kabla ya hapo legeza nyuzi, zilegeze tu, usizitoe zote, maana mle ndani kuna kijiti kimesimama kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, hakijagundishwa popote, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, zikitoka zote kinaanguka na hapo utakuwa na matatizo mawili ya kupeleka kwa fundi.